Kikoa Kilichotoweka, Picha Nzito na Ng'ombe Asiyesomeka: Majibu kwa Wenye Tovuti na Blogu

Maswali ya safari hii yametoka Mpwapwa, Hombolo, Kondoa, Singida, Manyoni, Chamwino na Dodoma mjini. Tatizo kubwa kuliko yote ni hili: mwenye tovuti hana funguo za tovuti yake, au hajui zilipo. Ndiyo maana tumeanza na barua ya mwalimu wa Mpwapwa na kuipa nafasi ya kutosha.

Habari za kazi, wahariri. Kijana aliyenitengenezea tovuti ya masomo ya kemia alisajili kikoa cha .com kwa jina lake. Amehamia Dar es Salaam, simu hapokei, na kikoa kinaisha muda mwezi ujao. Nifanyeje?
*Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa*

Mwalimu, anza kwa kujua kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti yako, kimesajiliwa wapi. Fungua lookup.icann.org, andika jina la kikoa, na utaona mambo matatu unayoyahitaji: kampuni iliyokisajili, tarehe ya kuisha, na seva za majina kinakoelekezwa. Jina la mmiliki huwa limefichwa mara nyingi, hilo lisikutishe. Wenye vikoa vya .tz, ambavyo viko chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), watumie ukurasa wa WHOIS wa .tz, wa kutafuta taarifa za usajili wa kikoa.

Kikoa na mahali faili zinapokaa ni vitu viwili, na watu wengi huvichanganya. Unaweza kuwa na nenosiri la WordPress, ukaingia na kuandika kila siku, na bado kikoa kisiwe chako. Kwa kampuni ya usajili, mmiliki ni yule ambaye jina lake na barua pepe yake viko kwenye akaunti. Ujumbe wa muamala wa pesa uliyomtumia kijana utakusaidia kama ushahidi, lakini peke yake haukupi umiliki.

Mtafute kijana kupitia ndugu na rafiki zake, na ukimpata usimwambie "nirudishie tovuti yangu". Mwombe kitu mahususi: aingie kwenye akaunti, aondoe kufuli la uhamisho, akutumie msimbo wa uhamisho. Kwa .com, mmiliki akiomba msimbo huo kampuni inatakiwa kumpa ndani ya siku 5. Wewe fungua akaunti yako kwenye kampuni ya usajili unayoipenda, weka msimbo, lipia mwaka mmoja; mwaka huo unaongezwa juu ya muda uliobaki, kwa hiyo hupotezi kitu. Kikoa kilichosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita huwa hakihamishiki. Kuna njia fupi zaidi: fungua akaunti kwenye kampuni ileile anayoitumia yeye, kisha akupe kikoa ndani kwa ndani. Hapo kwa kawaida msimbo hauhitajiki, na kazi huchukua dakika chache.

Asipopatikana, iandikie kampuni ya usajili uulize kama mtu asiye mwenye akaunti anaweza kulipia mwaka mwingine. Baadhi hukubali. Umiliki utabaki kwa kijana, lakini utakuwa umenunua muda wa kumtafuta. Usitegemee kwamba kikiisha utakinunua siku ya pili. Kikoa cha .com kikipita tarehe yake, kampuni inaweza kukishikilia hadi siku 45, kisha kinaingia siku 30 za ukombozi ambazo ada yake ni kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Siku kinapoachiwa kuna programu zinazovizia majina yenye wageni, na zina kasi kuliko vidole vya mtu yeyote.

Leo hii, wakati nenosiri bado linafanya kazi, toa masomo yako yote: Tools, kisha Export, kwenye WordPress. Kisha ingia web.archive.org na uhifadhi kurasa zako muhimu kwa kitufe cha Save Page Now. Ikibidi kuanza na jina jipya, maandishi utakuwa nayo.

Ukisajili upya, tumia barua pepe isiyo ya kikoa hichohicho. Mtu aliyejisajili kwa info@ ya tovuti yake hujifungia nje: kikoa kikiisha, barua pepe inazimika nacho, na kiungo cha kubadili nenosiri kinatumwa kwenye sanduku lisilokuwepo. Ulinzi wa hatua mbili uweke kwa programu ya kutoa namba za siri kwenye simu badala ya ujumbe wa SMS, na misimbo ya akiba iandike kwenye karatasi uitunze na vyeti vyako. Laini ya simu ikikaa bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

Nina blogu ya kilimo cha zabibu. Kila makala ina picha kumi au zaidi, nazipiga kwa simu yenye kamera nzuri. Wasomaji wanasema inamaliza bando na haifunguki.
*Mkulima, Hombolo*

Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa MB 3 hadi 5. Picha kumi ni kama MB 40 kwa makala moja. Safu ya maandishi kwenye blogu nyingi haizidi pikseli 800, na kioo cha simu ya msomaji wako ni chembamba zaidi. Anapakua pikseli ambazo simu yake inazitupa.

Upana wa pikseli 1200 unatosha. Picha ya 1200 kwa 900 ina pikseli milioni 1 na kidogo, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja ya ile ya mwanzo. Ukiihifadhi kwa JPEG ya ubora 75 utapata KB 150 hadi 300. Picha za zabibu zitaelemea juu ya kiwango hicho, kwa sababu majani, matawi na vivuli vidogovidogo ni vigumu kubana. Picha ya ukuta au anga itashuka chini ya KB 100 kwa mipangilio ileile. Muundo wa WebP hupunguza robo nyingine au zaidi, na vivinjari vya sasa vyote vinausoma.

Kwa picha moja moja tumia squoosh.app. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, picha haiondoki kwenye simu yako, na ikishapakiwa mara ya kwanza haihitaji mtandao tena. Fungua picha, washa Resize, andika 1200 kwenye upana, chagua MozJPEG au WebP, weka ubora 75. Mstari wa katikati unausogeza kulinganisha picha ya awali na mpya. Hapo angalia mahali penye habari: kama unaonyesha ubwiri unga, tazama ule unga mweupe juu ya punje. Ukiwa umegeuka ukungu usio na umbo, panda hadi 82. Na kwa picha za magonjwa, kata kwanza kisha punguza. Kishada kimoja kilichojaza picha ya pikseli 1200 kinamfundisha mkulima kuliko mche mzima uliopunguzwa hadi dalili zikapotea.

Ukiwa na picha nyingi na kompyuta, sakinisha ImageMagick, ingia kwenye folda ya picha, andika:

mkdir ndogo
magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1200x1200>" -strip -quality 75 *.jpg

Kila neno lina kazi yake. Bila -path ndogo, programu inaandika juu ya picha zako za asili na hazirudi. Alama ya > inazuia picha ndogo zisivutwe kuwa kubwa. Amri ya -strip inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo ramani ya mahali picha ilipopigwa. Bila hiyo, mtu yeyote anaweza kusoma shamba lako au nyumba yako iko wapi. Lakini taarifa hizohizo ndizo zinazosema picha isimame au ilale, na hapo ndipo wengi hukwama: wanafuta, kisha picha zinalala ubavu. Kwa hiyo -auto-orient lazima itangulie. Kama faili zako zinaishia .JPG kwa herufi kubwa, kwenye Linux amri haitaziona mpaka uandike *.JPG.

Wengi hujitumia picha WhatsApp ili zipungue. Kwa picha za mkutano haina ubaya. Kwa picha za majani hatushauri, maana inabana kwa nguvu na ukipunguza tena unaharibu mara mbili.

Video usiipakie kwenye seva yako. Iweke YouTube, na kwenye makala weka picha yenye kiungo, kwa sababu hata kioo cha YouTube kinapobandikwa ndani ya ukurasa hupakua mamia ya KB kabla msomaji hajabonyeza chochote.

Lenga ukurasa mzima usizidi MB 1. Kupima, fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda Network, chagua kasi ya 3G, pakia ukurasa upya na usome jumla iliyoandikwa chini. Usipime kwa WiFi ya ofisini, itakudanganya.

Naongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo na nataka kuandika kuihusu. Nianze na Blogger au WordPress? Sina bajeti kubwa.
*Mwongoza watalii, Kondoa*

Blogger. Utakuwa unaandika na kuweka picha, na kwa kazi hiyo inatosha: hakuna seva ya kulipia, hakuna plagini (programu za nyongeza) za kusasisha, na HTTPS ni bure hata ukitumia kikoa chako.

Fedha uliyonayo nunulia kikoa tangu siku ya kwanza. Michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, kwa hiyo tovuti za safari zitakuwa na sababu ya kuweka viungo vya kuja kwako. Viungo hivyo vikielekea kwenye anwani ya blogspot, siku ukihama itakuwa taabu kuvihamisha. Vikielekea kwenye jina lako unahama navyo. Kwenye mipangilio ya kikoa utaweka rekodi mbili za CNAME, zinazoelekeza jina moja kwenye jina jingine: www ielekee ghs.google.com, na ya pili ni ile ndefu Blogger anayokupa wewe peke yako. Watu huweka ya kwanza, wakaisahau ya pili, kisha wanashangaa Blogger kuwakatalia. Baada ya hapo subiri. Mabadiliko huweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima.

Unaponunua, uliza bei ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia wateja.

Nimesasisha plagini, tovuti yote ikawa nyeupe. Hata ukurasa wa kuingilia haufunguki. Niifute nianze upya?
*Mpiga picha, Singida mjini*

Usifute chochote. Makala zako ziko salama kwenye hifadhidata. Kilichokufa ni msimbo wa plagini moja.

Tangu toleo la 5.2, WordPress ikigundua kosa la namna hii hutuma barua pepe kwa msimamizi yenye kiungo cha kuingilia katika hali ya uokoaji. Tafuta hadi kwenye folda ya taka. Ukikipata, ingia na uzime plagini iliyotajwa.

Kama barua haikuja, ingia cPanel, paneli ya kusimamia seva yako, kisha File Manager, public_html, wp-content, plugins. Tafuta folda yenye jina la plagini uliyoisasisha, uibadilishe jina kwa kuongeza -zima mwishoni. Fungua tovuti. Kama hujui ni ipi, badilisha jina la folda nzima ya plugins iwe plugins-zima, ingia kwenye tovuti, fungua ukurasa wa Plugins ili WordPress ijue hazipo, kisha rudisha jina la zamani. Zote zitakuwa zimezimwa. Washa moja moja huku ukifungua ukurasa kila mara. Ile inayouangusha ndiyo yenyewe.

Ili kujua sababu, fungua wp-config.php na juu ya mstari unaosema uache kuhariri weka hii:

define('WP_DEBUG', true);
define('WP_DEBUG_LOG', true);
define('WP_DEBUG_DISPLAY', false);

Kama mstari wa WP_DEBUG upo tayari, badilisha huohuo, usiuandike mara mbili. Kosa litaandikwa kwenye wp-content/debug.log. Ukiona linazungumzia kumbukumbu kuisha, plagini imezidi kiwango cha seva yako. Ukiona linataja kitendo kisichojulikana, mara nyingi toleo la PHP (lugha inayoendesha WordPress) la seva ni la zamani kuliko plagini inavyotaka, na unaweza kulibadilisha kwenye cPanel hiyohiyo. Ukimaliza rudisha false na ufute debug.log, kwa sababu kwenye seva nyingi mtu yeyote anaweza kuifungua na kusoma mambo ya ndani ya tovuti yako.

Kama badala ya weupe unaona ujumbe kwamba tovuti iko kwenye matengenezo, usasishaji ulikatikia njiani, pengine mtandao uliondoka. Futa faili inayoitwa .maintenance ndani ya public_html. Inaanza na nukta, kwa hiyo washa kwanza uwezo wa kuona faili zilizofichwa.

Nimehamisha blogu ya mifugo kutoka seva moja kwenda nyingine. Sasa kila "ng'ombe" anasomeka "ngâ€™ombe". Makala ziko zaidi ya mia mbili. Nitazisahihisha kwa mkono?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma*

Hapana, na kwa sasa usiguse makala hata moja. Tatizo hili linawaumiza sana wanaoandika Kiswahili, kwa sababu ritifaa, alama hii ya ', iko ndani ya maneno yetu ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, kung'aa.

Kilichotokea ni hiki. Ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na Word, huhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 kama baiti tatu: E2, 80, 99. Seva mpya imezisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, ambao kila baiti ni herufi moja. E2 ikawa â, 80 ikawa €, 99 ikawa ™. Hakuna kilichofutika.

Fungua faili la .sql, yaani nakala ya hifadhidata, ulilotoa kwenye seva ya zamani kwa Notepad++, hakikisha linasomwa kama UTF-8, na utafute neno ng'ombe, ukikumbuka kuandika ritifaa iliyopinda. Likionekana sawa, faili ni zima na kosa lilitokea wakati wa kuingiza. Ingiza upya kwenye hifadhidata tupu kwa:

mysql --default-character-set=utf8mb4 -u mtumiaji -p jina_la_hifadhidata < nakala.sql

Ukitumia phpMyAdmin, kwenye ukurasa wa kuingiza chagua utf-8 pale inapouliza mfumo wa herufi wa faili. Kwenye wp-config.php, DB_CHARSET iwe utf8mb4.

Kama faili lenyewe limeharibika na seva ya zamani imeshafungwa, chukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha tumia plagini ya Better Search Replace. Chagua jedwali la wp_posts pekee, na uanze na jaribio lisilobadilisha kitu ili uone idadi ya sehemu itakazogusa. Fuata mpangilio: badilisha â€™ iwe ', kisha â€œ iwe ", kisha â€“ iwe kistari, na â€ tupu nayo iwe ", lakini iwe ya mwisho kabisa. Ukianza na â€ utakata vichwa vya zile nyingine na kuacha mikia yake kwenye makala zote. Amri ya REPLACE ya SQL usiipeleke kwenye wp_options: mle kuna maandishi yaliyohifadhiwa pamoja na idadi ya urefu wake, ukibadilisha herufi bila kubadilisha idadi, mipangilio inavunjika.

Kuanzia sasa andika ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi. WordPress huipinda yenyewe wakati wa kuonyesha. Ukichanganya zote mbili, msomaji anayetafuta ng'ombe kwenye kisanduku cha blogu yako anaweza kukosa nusu ya makala, kwa kuwa kompyuta inaona maneno mawili tofauti. Na maandishi ya Word yapitishe kwanza kwenye Notepad kabla ya kuyabandika. Mapambo yake mengine yataachwa humo, ritifaa utaibadilisha yote kwa mkupuo mmoja.

Shikamooni. Nauza asali na nina tovuti ya WordPress, lakini sina kompyuta, kila kitu nafanya kwa simu. Nakala rudufu nitaifanyaje?
*Mfugaji nyuki, Manyoni*

Marahaba. Kwa simu inawezekana kabisa. Sakinisha UpdraftPlus, iunganishe na Google Drive, panga hifadhidata itolewe kila wiki na faili kila mwezi, na itunze nakala nne. Kuweka nakala kwenye seva ileile yenye tovuti hakusaidii: seva ikizimwa au ikivamiwa, vyote vinaondoka pamoja.

Jua kinachotakiwa kuwemo: hifadhidata yenye maandishi, folda ya wp-content yenye picha, na faili la wp-config.php. Ile XML inayotolewa na Export ina maandishi na anwani za picha tu. Picha zenyewe hazimo, na wengi huligundua hilo siku seva ya zamani imeshafutwa.

Mara moja kwa mwezi fungua Drive utazame ukubwa wa faili. Hifadhidata iliyokuwa MB 3 ikishuka ghafla hadi KB chache, nakala imefeli, na sababu ya kawaida ni nafasi ya seva kujaa. Na angalau mara moja kwa mwaka omba mtu mwenye kompyuta airudishe nakala yako kwenye programu ya bure ya Local. Ikifunguka na bei za asali zako zikaonekana, una nakala. Kabla ya hapo una faili tu.

Wateja wanasema wamenitumia ujumbe kwenye fomu ya tovuti, mimi sioni kitu.
*Fundi cherehani, Nkuhungu, Dodoma*

Fomu nyingi hutuma barua zikijifanya zimetoka kwa mteja. Mteja wa Gmail akiandika, seva yako inatuma barua yenye jina la gmail.com wakati yenyewe si ya Google, na sanduku linaloipokea linaitilia shaka. Ukaguzi huu ulikazwa zaidi Februari 2024.

Kwenye mipangilio ya fomu, mtumaji awe anwani ya kikoa chako, na anwani ya mteja iwekwe kwenye Reply-To. Kisha weka plagini ya SMTP itume kwa nenosiri la sanduku hilo, mlango wa 587 au 465. Kwenye rekodi za kikoa kuwe na SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako. Rekodi ya SPF iwe moja tu. Ukiwa na huduma mbili za barua ziunganishe kwenye mstari mmoja, maana zikiwa mbili zote zinabatilika. Jipime kwa kutuma barua kwenye anwani unayopewa na mail-tester.com, itakuonyesha kilichokosekana.

Kwa biashara ya ushonaji, ukweli ni kwamba kitufe cha WhatsApp kitakuletea wateja zaidi ya fomu. Kiungo ni wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ile sifuri ikibaki, kiungo hakifanyi kazi.

Kama unaendelea na fomu, usiulize zaidi ya jina, simu na anachotaka kushonewa. Vipimo vya mwili wa mteja, picha yake na namba yake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu hata mwenye duka dogo. Futa zile ambazo kazi yake imekwisha, na usiweke picha ya mteja kwenye tovuti bila ridhaa yake.

Tovuti yangu ina miezi mitatu, Google haionyeshi hata nikitafuta jina lake.
*Mwandishi wa mashairi, Chamwino*

Tafuta kwanza kwa kuandika site: ikifuatiwa na kikoa chako bila nafasi. Isipotokea kurasa hata moja, kwenye WordPress nenda Settings, Reading, uangalie kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji kama Google zisiingie. Watengenezaji hukiweka alama wakati wa ujenzi na kusahau kukitoa. Kitoe.

Kisha jisajili Google Search Console, thibitisha kikoa kwa rekodi ya TXT, na upeleke ramani ya tovuti. WordPress inayo tayari kwenye /wp-sitemap.xml. Weka ukurasa mmoja kwenye kisanduku cha ukaguzi juu, kitakueleza sababu kwa maneno. Lugha ya tovuti kwenye mipangilio iwe Kiswahili, ili ukurasa utoke na lang="sw"; ikibaki Kiingereza, kivinjari cha msomaji kinaweza kujaribu kuyatafsiri mashairi yako kana kwamba yana makosa. Kila shairi lipe ukurasa wake wenye kichwa chake. Mashairi thelathini kwenye ukurasa mmoja yanashindania kichwa kimoja, na anayelitafuta la kumi na saba hatalifikia.